Nilinakili Zote Isipokuwa Moja

Nilimdanganya fundi mchana kweupe, tena bila kupepesa macho. Aliniuliza, "Mama, umeshanakili kila kitu?" Nikamjibu, "Kila kitu, fundi." Mtu mzima mimi, mwanakwaya, mstaafu mwenye mvi zangu. Tangu neno lile linitoke mdomoni mpaka siku ya kikao cha ukoo, kama wiki tatu hivi, sikupata usingizi wa kueleweka, na chakula kilikuwa hakishuki bila kusukumwa na maji.

Ngoja nianze na mashine yenyewe. Nilikuwa katibu muhtasi. Miaka yangu ya kazi niliimalizia kwenye ofisi moja hapa Arusha, nikichapa barua za bosi mmoja baada ya mwingine, na nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, doti ya kitenge na kompyuta niliyokuwa naitumia, maana walikuwa wanaleta mpya. Saa iliharibika mwaka huohuo. Kompyuta ikadumu. Lile kasha jeusi zito, ambalo sote tunaliita sipiyu, nikaliweka sebuleni Njiro kwenye vyumba viwili nilivyopanga, nikalifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Humo nilihifadhi picha za wajukuu, mazoezi ya kwaya, barua zangu, na folda moja ambayo sikuipa jina lolote.

Folda ile ilikuwa na video ya baba.

Miaka miwili kabla ya hayo, baba alinipigia simu akaniambia nipande nyumbani na simu yangu inayopiga picha, nije peke yangu. Nyumbani kwetu ni juu, upande wa Mlima Meru wenye migomba na kahawa. Nilipofika hata chai hakuningojea ninywe. Akachukua fimbo, tukaanza kuzunguka kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lililorithiwa toka kwa babu. Tulifuata masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, ambayo kwetu hata mlevi haing'oi. Kwa kila sale alisimama akasema: hapa mpaka pale ni pa mkubwa, pale mpaka kule ni pa anayemfuata. Mimi nyuma na simu, nanasa picha na sauti. Tulipofika sale la mwisho, chini ya mfereji, akasema kipande kile, kuanzia pale mpaka kijitoni, ni cha binti yake aliyerudi.

Aliyerudi ndiye mimi. Ndoa yangu ilivunjika zamani, nikarudisha masanduku yangu nyumbani, halafu nikateremka mjini kutafuta maisha. Kwetu binti anayerudi hafukuzwi, lakini hana pake pia. Analala chumba cha wageni, na mawifi wanahesabu siku. Nisizunguke: sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa kufa nikakosa pa kuwekwa. Nyumba ya kupanga haina kaburi. Siku ile chini ya mfereji nilisikia mgongo umenyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Halafu baba akaniamuru. Alisema, "Maneno haya yaweke mahali pamoja. Usiyatawanye. Yasisikike mpaka ukoo ukae." Kwetu neno la mzee juu ya ardhi halitembezwi angali hai. Likitembezwa, watoto wanaanza kugombana naye yupo, na aliyelitembeza ataambiwa alikuwa anamharakishia mzee safari. Kwa hiyo nilirudi Njiro, nikaitoa video kwenye simu, nikaiweka kwenye kompyuta, na kwenye simu nikafuta. Mahali pamoja, kama alivyosema.

Miezi michache baadaye kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kuume, mguu wa kuume, na ulimi. Akabaki anatikisa kichwa tu. Ukimuuliza kama anataka uji, anatikisa. Ukimuuliza kama mvua inanyesha na jua linawaka, anatikisa vilevile. Sasa nani angemsikiliza kichwa chake? Maneno yake yote yaliyobaki duniani kuhusu mimi yalikuwa ndani ya lile kasha jeusi, chini ya kitambaa cha kufuma.

Na kasha likaanza kuugua. Asubuhi nalibonyeza, naenda kusonga ugali mzima, nikirudi bado linazungusha kale kaduara. Siku nyingine linaganda katikati, kioo kinakuwa cha bluu na maandishi meupe. Windows iliyokuwemo ilikuwa ya zamani, imeshaachwa kutengenezewa viraka, na kila ikiwaka inanikumbusha hivyo. Nikawa naogopa kuiwasha, na nikawa naogopa kutoiwasha. Nikipita sebuleni naiangalia kwa pembeni kama mbwa wa jirani.

Ndipo kaka yangu mkubwa akapiga simu. Yeye ndiye anayeishi na baba, anamwogesha, anamlisha, na hilo simnyang'anyi hata siku moja. Akasema, "Mdogo wangu, mzee hapati nafuu. Nimeongea na baba mdogo, mwisho wa mwezi tukae kikao cha ukoo, tugawe, kila mtu ajue lake. Kile kipande cha chini ya mfereji nitampa mwanangu ajenge."

"Sawa kaka," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia imekuwa ya kitoto.

Kesho yake nikalifunga kasha kwenye shuka, nikalipeleka Ngarenaro kwa fundi.

Fundi wangu ni mtu wa makamo kama mimi, haachi baraghashia, na amezaliwa hapohapo Ngarenaro. Alianza na redio za kaseti dukani kwa baba yake, akahamia televisheni, sasa ni kompyuta, kwenye kibanda kilekile kati ya mchomelea mageti na mziba pancha. Akalifungua kasha, akapuliza vumbi, akalipima. "Diski yako nzima, mama," akasema. "Mashine haina ugonjwa. Imechoshwa na mfumo. Huyu ni mzee anabebeshwa magunia ya vijana."

Nikamuuliza dawa.

"Usiisumbue tena na kazi za kukaa mbele ya kioo. Igeuze seva ya nyumbani. Ikae kona, iwe ghala. Picha zako, kwaya yako, vyote viko humo, na wewe unaviangalia kwa simu au televisheni kwa waifai ya nyumbani bila kula bando. Kazi hiyo haichoshi. Ila tubadilishe mfumo."

Akaanza kunielezea mifumo, na mimi ninasikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Tukiiacha Windows ya zamani, alisema, ni kulala mlango wazi. Windows mpya mashine haiiwezi, ina RAM ya gigi mbili tu. Kuna mfumo uliotengenezwa makusudi kwa kazi ya ghala, mzuri sana, lakini huo unataka diski yote, haukubali mpangaji mwenzake. Kuna Debian, mwepesi, hauchoki, unaweza kuuwasha ukausahau miaka, ila hauna sura: kioo cheusi, maandishi meupe, unaandika amri. Halafu kuna Ubuntu, nduguye Debian mwenye sura nzuri, mzito kidogo, lakini mpole kwa mgeni. Huo wakati wa kuuweka unakuuliza: nifute kila kitu, au nikae pembeni ya Windows yako?

Yaani nilisikia hilo neno moja tu. Pembeni.

"Ningekuwa wewe," fundi akaendelea, "ningenakili kila kitu kwenye diski ya nje, nikafuta yote, nikaweka Debian safi. Kukaa pembeni ni kuhamisha ukuta na watu wamo ndani. Kunawezekana, lakini uwe umeshanakili kwanza. Niachie mimi, kesho kutwa unaichukua."

Nimwachie? Afungue, asikie? Nikasema hapana, nitaweka mwenyewe, nimefanya kazi na kompyuta miaka mingi. Akaniangalia. Akanipa flashi mbili, ya Debian na ya Ubuntu, kila moja ameifunga karatasi yenye jina, akaniambia nikishanakili nipite anielekeze.

Nilinakili siku nzima. Picha za wajukuu, harusi, misiba, kwaya, barua, hata karatasi ya vipimo vya mandazi. Nikafika kwenye ile folda isiyo na jina. Nikaichagua. Nikaitoa. Nikaichagua tena. Jamani, mimi maisha yangu yote nililipwa mshahara kwa ajili ya nakala! Barua halisi, nakala ya jalada, nakala ya bosi; kama ukiniamsha usingizini nitakuambia karatasi isiyo na nakala ni karatasi iliyopotea. Na pale kidole kikakataa. Nilimsikia baba: usiyatawanye. Nikawaza, nikiyaweka mahali pawili, si nimeyatawanya? Na kama laana ipo, si itaanza na mimi ambaye sina hata pa kuzikwa? Nikaifunga diski ya nje, nikaiweka kabatini. Nikajiambia mfumo utakaa pembeni, hautamgusa baba.

Ndipo nikapita kwa fundi kuelekezwa, na ndipo nikamdanganya.

Nilianza Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka, madirisha wazi. Niliomba kwanza. Nikachomeka flashi ya Ubuntu. Maswali yakaanza: lugha gani, kibodi gani. Kila swali nalisoma mara tatu. Likaja lile lenyewe. Chaguo moja lilisema lifute diski yote, na lilikuwa karibu mno na lile lingine, yaani kidole kikiteleza kidogo tu umekwisha. Nilitoa mkono kwenye kipanya nikaupangusa kwenye gauni. Nikachagua kukaa pembeni. Ikanichorea diski kama ubao mrefu, na mstari katikati wa kusogeza: upande huu Windows, upande huu mfumo mpya. Nikausogeza. Ikanionya kwamba kazi hii yaweza kuchukua muda mrefu, wala usizime mashine.

Nikabonyeza. Nikakaa kwenye stuli, mikono nimeibana kati ya mapaja. Ule mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ulitambaa kidogo, ukasimama, ukatambaa tena. Sikwenda hata chooni. Jasho jembamba linanitoka na asubuhi ya Njiro wala haikuwa na joto.

Halafu kioo kikazima.

Si kioo tu. Feni kimya. Friji kimya. Nikadhani umeme umekatika mtaani, lakini nilisikia redio ya jirani inaendelea na matangazo yake. Nikatoka nje mbio pekupeku, nikaangalia luku, ile mita ya umeme, ukutani. Sifuri, sifuri, sifuri. Umeme ulikuwa umeniishia! Niliogopa mfumo, niliogopa laana, niliogopa kidole changu mwenyewe, na sikuogopa luku. Katika mambo yote ya kuogopa duniani nililisahau lile linalobandikwa ukutani kwangu.

Nilinunua umeme kwa simu nimesimama palepale. Zile namba ishirini nilizikosea mara mbili. Umeme uliporudi nikaiwasha mashine. Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe juu, kwamba hakuna mfumo wa kuwasha. Nikabonyeza tena. Mstari uleule. Nikakaa sakafuni, nikaegemea kasha, na nikasema kwa sauti, "Nimemuua baba." Nyumba ilikuwa na mimi peke yangu, na nashukuru hakuna aliyenisikia.

Kwa fundi nilifika na kasha bila hata shuka. Aliponiona tu akamwambia mteja wake asubiri. Nikamweleza: pembeni, mstari, luku. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi si kitu," akasema. "Ulishanakili. Tunafuta, tunaanza upya."

Nikalifuta kasha vumbi kwa kiganja.

"Mama. Ulinakili?"

"Zote isipokuwa moja."

"Ipi?"

"Sauti ya baba yangu."

"Innalillahi," akasema, kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba, na akakaa. Nikamweleza yote, kihamba, amri, kaka, kikao. Sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Machozi yalikuwa yananitoka na mchomelea mageti pale jirani cheche zinaruka, wala sikujali nani anaona. Nilipomaliza hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha uchi hazai, mama. Ungeniambia, ningekuwekea nikiwa nimefumba macho."

Akaahidi kuitafuta bila kuifungua. Siku nne. Kila asubuhi nilikwenda nikakaa kwenye benchi lake, programu yake inapekua diski kipande kwa kipande, na mimi nachungulia uso wake yeye, si kioo. Kaka alipiga simu mara mbili kuuliza kama nitakuja na sukari au mchele kwa ajili ya kikao. Nilimjibu vyote, mradi tu akate simu.

Siku ya nne fundi akasimama. "Ipo," akasema, "au kuna kitu cha ukubwa wake. Fungua mwenyewe." Akatoka, akaenda kusimama kwa mziba pancha, akanipa mgongo.

Nikafungua. Baba! Mzima, na fimbo yake, anatembea kwa miguu yote miwili kati ya migomba. Nilicheka peke yangu. Akageuka, akaanza kuongea, na sikusikia kitu. Nikaongeza sauti. Nikaongeza mpaka mwisho. Nikachomoa spika nikachomeka tena. Midomo ya baba inakwenda, mkono unaonyesha sale la kwanza, na hakuna neno. Nikamwita fundi. Alijaribu njia zake zote mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akajaribu tena. Mwishowe akasema picha imepona, sauti haikupona.

Sikuweza kuitazama zaidi ya pale mwanzoni. Mdomo ule unaocheza bure nilikuwa naujua. Ndio aliokuwa nao sasa pale kitini kwake.

Nilimwachia fundi akafuta diski yote, akaweka Debian, ile isiyo na sura. Sikuwa na cha kuficha tena. Video ile isiyo na sauti tuliiweka kwenye seva, kwenye diski ya nje na kwenye flashi, mahali patatu. Nilisema potelea mbali, maneno yenyewe hayamo, nimetawanya nini?

Siku ya kikao mlima haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na sebuleni kwa baba watu walikaa na majaketi. Nilimwamkia baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, "Shikamoo baba mdogo." Akaitikia marahaba na kuniuliza mbona nimekonda. Nikamwamkia baba. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Akatikisa kichwa. Flashi nilikuwa nimeifunga kwenye leso, leso nimeifumbata mkononi.

Baba mdogo akafungua kwa sala. Kaka akaongea vizuri, kwa utaratibu, sikumwona na hila. Akaeleza juu ni pa nani, kati ni pa nani. Akafika chini ya mfereji. "Pale pamekaa tu," akasema. "Nampa mwanangu."

Marehemu mama alizoea kutuambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Alitaka tukae mbali na ugomvi. Nami miaka yote nilimtii, nikanyamaza kwenye ndoa, nikanyamaza ofisini, nikanyamaza kwenye simu za kaka. Pale nilisimama. Nikasema, "Baba aligawa mwenyewe. Alinipeleka na simu, nikamrekodi. Chini ya mfereji alinipa mimi."

Kaka akanigeukia. "Lini? Mbona hukusema?"

"Alinikataza mpaka ukoo ukae."

"Haya, ukoo umekaa. Tusikie."

"Sauti imepotea," nikasema. "Niliiharibu mimi. Imebaki picha."

Kuna mtu nyuma aliguna. Kaka akacheka kidogo bila furaha. "Mdogo wangu, umetuletea picha ya bubu? Si anaweza kuwa anasema pale ni pa mwanangu? Si anaweza kuwa anasema kahawa imeingia wadudu?" Na alikuwa anasema kweli. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasikia kila usiku tangu sauti ipotee.

Baba mdogo akasema, "Weka tuone. Kuona hakuna hasara."

Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Baba akatokea, mkubwa, anatembea. Watu wakashusha pumzi, maana wengi walikuwa wameshamsahau akitembea. Akasimama kwenye sale la kwanza, akaongea, hakuna sauti. La pili. La tatu. Kila mtu anaangalia midomo kama vile ataishika. Nikainamisha kichwa. Nikafika mahali nikatamani ukungu ule uingie ndani utufunike.

"Hapo ni wapi?" baba mdogo akauliza.

Nikainua macho. "Sale la mwisho. Chini ya mfereji."

Kwenye kioo baba aliacha kuongea. Akachuma jani moja la sale. Akaja moja kwa moja kwenye simu, akakaribia mpaka uso wake ukajaza televisheni nzima. Akavuta midomo, akatema mate. Pyu! Matone yakatapakaa kwenye kioo chote, na baba nyuma yake akawa kivuli. Siku ile mimi nilidhani ni uzee. Simu ilikuwa mpya, nilichukia kidogo.

Wazee watatu walisimama kwa pamoja. Mimi ni mtoto wa ofisini, niliondoka kule mdogo, sikuelewa wamesimamia nini.

"Simamisha," baba mdogo akasema. "Nani alikuwa ameshika simu?"

"Mimi."

"Ulikuwa umekanyaga wapi?"

"Hapohapo. Nilikuwa nimeingia ndani ya mpaka, yeye amesimama kwenye sale."

Akamgeukia kaka. "Wewe, baba yako amekutemea mate mara ngapi?"

Kaka akaitazama televisheni. Nilimwona uso unabadilika. "Mara moja," akasema. "Siku aliponionyesha pa kujenga."

"Mzee humtemea baraka yule anayempa ardhi. Alikusimamisha wapi?"

"Ndani ya mpaka." Akaketi. Akasema, bila kuniangalia, "Chini ya mfereji ni pa dada. Mwanangu nitampa kwangu."

Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa sijaizima televisheni, nilikuwa nimeisimamisha tu, na nilipobonyeza ili niizime, ikaendelea. Mkono wangu ukatokea na upindo wa kitenge, ukafuta kioo. Ukafuta kulia, ukafuta kushoto, kwa bidii, kama mtu anayefuta uchafu, mpaka yale matone yakaisha yote na baba akaonekana tena vizuri. Alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshusha mkono wenye jani.

Ukoo mzima uliona.

Nikamgeukia baba kitini. Yeye pia alikuwa anaangalia televisheni. Mdomo wake ulianza kufanya kazi, upande mzima ukivuta, upande uliokufa ukigoma, na mimi nikaogopa kwamba kiharusi kinamrudia. Kaka akanyanyuka na kitambaa ili ampanguse, kama anavyompangusa kila siku. Baba mdogo akamshika mkono.

Ndipo nikaelewa baba anajaribu nini. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikavua kilemba, nikaweka kichwa changu chini ya kidevu chake. Hakuweza kutema. Mate yalimtoka tu upande ule uliolegea, yakanidondokea utosini, ya uvuguvugu, taratibu, na sikuyafuta mpaka yakakauka yenyewe.